Kisu, Kamera na Pori: Mwongozo kwa Mkazi wa Mwanza Asiye na Shughuli Huko

Umeamua kwenda porini Jumamosi. Hongera. Huendi kukata kuni, huendi kuchoma mkaa, hufuati ng'ombe aliyepotea, huchimbi dawa. Unaenda kutembea. Umewaona kwenye simu vijana wa nchi za watu wakipanda milima yao, kisu kidogo kiunoni, kamera kifuani, ukajiuliza sisi tumekosa nini, na mawe tunayo kuwazidi. Hujakosea. Mwongozo huu utakushika mkono mpaka pale utakapokwama. Baada ya hapo utajisaidia mwenyewe, na utakuwa na wasaidizi wengi usiowaita.

Kwanza tafuta pori lenyewe. Mwanza tuna majabali ya kugawia mikoa mingine na bado tukabaki na ya kujengea, lakini miti ni hadithi nyingine. Ukichagua kilima cha karibu, iwe Mabatini, Igogo au Isamilo, utapanda kwa mikono na magoti, utaona unakaribia kilele, utachungulia juu ya jabali la mwisho, na utakutana uso kwa uso na mama anayeanika nguo. Hapo ni uani kwake. Amejenga juu ya mwamba, ana choo, ana king'amuzi, na anakusubiri usalimie. Salimia. Uliza njia ya kushukia. Utaonyeshwa ngazi ambayo watoto wake huishuka kila asubuhi wakienda shule, begi mgongoni, bila kujishikilia popote.

Nje ya jiji mambo hayabadiliki sana. Enzi za Mwingereza, Wasukuma walihimizwa kufyeka vichaka ili mbung'o wakose pa kujificha. Mbung'o waliondoka, na kivuli kikafuatana nao. Vichaka unavyoviona leo kuelekea Shinyanga, si vichache kati yake ni ngitili, yaani malisho yaliyofungwa makusudi ili ng'ombe wapate majani kiangazi kikikaza. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulizifufua ngitili nyingi, na kila moja ina familia au kijiji kinachoijua miti yake kuliko wewe unavyojua salio la simu yako. Ukivuka maji kwenda Ukerewe utaukuta msitu wa Rubya, miti imejipanga kama wanafunzi mstarini, na hilo ni shamba la serikali. Pori lisilo na mwenyewe halipo. Lipo lile ambalo mwenyewe hajakuona bado.

Sasa kisu. Unataka kile kidogo, kisichokunjika, cha kukaa alani. Usiagize cha nje. Nenda kwa fundi akutengenezee cha springi ya gari kuukuu, ubapa usiozidi kidole chako cha kati, mpini wa pembe ya ng'ombe, na ala ya ngozi umpelekee fundi viatu wa pale Makoroboi aikamilishe kwa uzi wake mweusi wa nta. Kitatoka kizuri. Utakivuta alani mara thelathini ukiwa sebuleni ili kusikia ule mlio. Hiyo ni haki yako, na tena ni mila: pwani hii ya ziwa imejua chuma tangu zamani, Warongo wa upande wa Geita walikiyeyusha na kukifua, na ng'ambo ya pili, Buhaya, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta matanuri ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hakuna babu atakayekushangaa kwa kumiliki kisu.

Babu atashangaa kwa nini kimevaa nguo.

Hapa ndipo ilipo kanuni ambayo haijaandikwa popote na wote wanaifuata. Kisu huku si kitu cha kuwa nacho, ni kitu cha kufanyia. Mama wa Mwaloni Kirumba anakwangua sato kwa kisu kirefu kama mkono wake, na wewe unapita sentimita ishirini kutoka kwenye ncha ukibishana naye bei. Muuza miwa anasukuma mkokoteni huku panga linaning'inia nje. Mchoma nyama anakusalimia kwa kukupungia kisu. Mtoto wa darasa la nne anatoka shamba na panga begani, anaburuza ncha kwenye lami apate cheche, na hakuna aliyegeuka. Hivyo vyote havionekani, kwa sababu vina kazi. Chako hakina. Kimetulia kiunoni, kimepakwa mafuta, kinang'aa, hakinuki samaki wala kitunguu. Kisu kisafi ni swali, na swali hilo litakutangulia kijijini kabla yako.

Ushauri wa kweli, kama unasikia: acha hicho kisu, beba panga. Panga la nusu mita, lenye kutu, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Utapita vijiji vitatu ukiambiwa pole na kazi. Lakini najua hutanisikia, kwa sababu panga halipendezi kwenye picha. Basi angalau kikatie embe kabla ya kutoka, ukiache kikauke na utomvu wake. Kadiri kisu kinavyokuwa kidogo na kizuri, ndivyo maelezo yanavyokuwa marefu.

Tuje kwenye kamera. Simu si kamera. Ukipiga picha kwa simu hakuna atakayejua kama unapiga, unatuma hela au unatafuta mtandao. Nazungumzia kamera yenyewe, ya mkanda shingoni, yenye lenzi ndefu inayotoka na kurudi. Ukiivaa hiyo, umma utakupa moja ya kazi tatu, na huna sauti katika uteuzi. Ya kwanza: mpiga picha wa harusi. Ikubali haraka, ndiyo yenye heshima, ila uwe tayari kutaja bei ya albamu. Ya pili: mwandishi wa habari, na hapo utaambiwa kuhusu barabara, kisima kilichoharibika na zahanati isiyo na dawa, na usipoviandika Jumatatu utaitwa mwongo. Ya tatu haitajwi kwa jina. Watu wataacha tu kuzungumza ukikaribia.

Usiwalaumu. Jiji hili lina historia na kamera. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa kando ya ziwa: minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakibaki kwetu, na fununu kwamba ndege hizo huja na silaha. Ikafika mpaka kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Sisi tuliokuwamo ndani yake tuliisikia mwishoni. Rais Kikwete aliikemea mwaka 2006, watu wakaandamana mjini Mwanza kuipinga, na wengi wa waandamanaji hawakuwa wamepata pa kuitazama. Sitaingia katika nani alikuwa mkweli kiasi gani. Ninachokuambia ni hiki: ukiinua lenzi karibu na samaki, mtu atakuuliza umetumwa na nani, na jibu la "nimejituma" halijawahi kumridhisha mtu.

Kwa hiyo usielekeze kamera kwenye bandari, uwanja wa ndege, kituo cha polisi, mnara wala kitu chochote chenye uzio na mlinzi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Kuna Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Limepigwa picha kwa simu kuliko bibi harusi yeyote wa Kanda ya Ziwa. Toa kamera ya mkanda uone kama hutaulizwa kibali. Na kama unafikiri unyonge huu umeanza kwako, James Augustus Grant, yule aliyekuja na Speke kutafuta chanzo cha Nile, alikuwa na kamera mwaka 1860. Alipiga picha Unguja. Alipoanza safari ya bara aliachana nayo, akachora kwa mkono. Alikuwa na wapagazi. Wewe utakuwa na bodaboda.

Mpaka hapa umebeba vitu viwili, na kila kimoja peke yake kina utetezi. Mwenye kisu ni mtu wa kazi. Mwenye kamera ni mgeni. Ukivivaa vyote kwa pamoja, vinachongeana: kazi gani hiyo inayohitaji picha, na picha gani hiyo inayohitaji kisu? Utetezi wote umekufa, umebaki wewe na kofia yako. Wazee watakumbuka habari za mumiani, wale wageni waliosemekana kutembea wakitafuta damu za watu. Utataka kucheka. Usicheke. Kanda hii ilipita katika miaka, hasa kuanzia 2007, ambapo watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa tamaa na ushirikina, na waliofanya hivyo walikuja kwa miguu, wengine wakiwa majirani. Mgeni mwenye kisu anayeranda nyuma ya nyumba za watu si kichekesho hapa, na mzee anayekuhoji anafanya kazi iliyowahi kuhitajika. Mjibu vizuri. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilizaliwa huku huku Usukuma na Unyamwezi miaka ya mwanzo ya 1980, na filimbi bado zipo.

Ndiyo maana kabla ya kukanyaga nyasi yoyote unaripoti. Hatua hii watu huiruka, halafu huifanya baadaye wakiwa wamesindikizwa. Anza kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi atakupeleka kwa mwenyekiti. Mwenyekiti atakuambia mtendaji ndiye mwenye muhuri, na mtendaji ameenda wilayani. Kaa kwenye benchi. Ukiletewa maji, kunywa. Ukiulizwa kwenu ni wapi, usiseme Nyegezi. Wanauliza kwenu hasa, alikozikwa babu yako. Salimia kwa lugha ya wenyewe: asubuhi ni mwangaluka, jua likishapinda ni mwadila, na ukiulizwa hali jibu ni mhola hata kama umevunjika mguu. Kumi na tano hivi za salamu zikipita ndipo utaruhusiwa kueleza shida yako, na hapo utagundua kwamba huna shida.

Mazungumzo yataenda hivi. Yakariri, maana hayana njia nyingine.

"Karibu, kijana. Unatafuta nini huko juu?"

"Natembea tu, mzee."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Nafika pale kwenye mawe, nazunguka, halafu narudi."

"Unarudi hapa ulipo?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa si ungekaa."

Hakuna jibu la swali hilo. Wanafalsafa wa matembezi wamejaribu na kushindwa. Ukimwambia unapunguza mwili, atakutazama mbavu. Ukimwambia unaangalia ndege, atakuuliza unawala. Ukimwambia unapumzisha akili, atakuonea huruma ya kweli, na kuna bibi mmoja anayesaidia mambo ya namna hiyo, nyumba ya tatu kushoto. Porini watu wanakwenda kwa sababu, wanatoka na mzigo, na wanashukuru kufika. Wewe unataka kwenda bila sababu na kutoka mikono mitupu, tena unaiita starehe.

Kwa hiyo danganya. Uongo unaokubalika pande hizi ni mmoja tu: sema unatafuta kiwanja. Utashangaa jinsi nyuso zinavyofunguka. Kisu? Cha kukatia vijiti vya kuwekea mipaka. Kamera? Ya kumpelekea mke picha aone mandhari. Kila kitu kimepata kazi, na wewe umepata akili. Mtu anayetafuta kiwanja anaruhusiwa kupanda jabali lolote, kusimama juu yake dakika ishirini akitazama ziwa, kuguna, kushuka, na kupanda lingine. Ndiyo matembezi yenyewe, kwa jina lingine. Tatizo ni kwamba baada ya robo saa atatokea dalali. Hakuna aliyempigia. Ana viatu vilivyochongoka na hajachoka. Mwisho wa matembezi atadai hela ya kuonyesha, na utalipa kwa kutazama ziwa ambalo Speke aliliona bure mwaka 1858.

Labda unaona bora uende mahali palipotengwa kwa ajili ya watu kama wewe. Wazo zuri. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane iko hapo hapo mjini, unaiona ukiwa Capri Point. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Jina si la saa nane za mchana, ni la mzee aliyekuwa akiishi pale. Kuna pimbi, swala pala, ndege wa kutosha na mawe ya kukalia. Ni mahali pazuri mno na nakusihi uende. Ila kisu kibaki nyumbani.

Na hapa nitasimama kidogo, maana ndipo watu wanapojifanya hawajui. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, haina mzaha na silaha. Aliyekutwa nayo ndani ya hifadhi ni juu yake kumridhisha afisa mwenye mamlaka kwamba hakukusudia kuitumia kuwinda, kuua, kujeruhi wala kukamata mnyama. Soma hukumu za kesi zinazotoka upande wa Serengeti uone vielelezo: panga moja, kisu kimoja, mkuki, nyaya za mitego. Kisu kimoja. Hakuna mahali hakimu anaandika kwamba mpini ulikuwa wa pembe na ala ilishonwa vizuri. Jiwazie basi umesimama mbele ya askari wa hifadhi, jua la saa sita, unamridhisha kwamba ubapa huu mfupi kuliko kijiko cha kupakulia wali haukukusudiwa nyati. Utamwambia ni wa dharura. Atakuuliza dharura gani. Kwenye kisiwa ambacho ukipotea unasikia muziki kutoka ng'ambo, fikiri vizuri kabla ya kujibu.

Ukitaka msitu wa kweli, wenye giza la mchana, uko Rubondo, kisiwa kizima kilichofanywa hifadhi mwaka 1977. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa huko sokwe 17 kutoka Ulaya, waliokuwa wamezoea kulishwa kwenye vizimba na mabanda ya maonyesho. Walishuka nchi ya watu, wakaingia msituni, wakajifunza wenyewe kula na kulala juu ya miti, na wajukuu zao wapo mpaka leo. Hakuna hata mmoja aliyeshuka na kisu.

Turudi kilimani kwako, maana kibali umeshakipata kwa jina la kiwanja. Umefika kwenye jabali. Sasa piga picha. Mlengwa wako ni mjusi, yule mwenye kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu. Wataalamu wamempa jina la jiji letu, Agama mwanzae, tangu mwaka 1923, kwa hiyo ni mwenyeji wako rasmi. Anakaa juani, anainua kifua na kukishusha kama askari aliyeadhibiwa. Lala kifudifudi. Jiwe ni la moto, vumilia. Sogea kwa viwiko. Usipumue. Mjusi anageuza kichwa, jicho moja linakutazama, lile gamba la kooni linatweta. Lenzi inatafuta, inatafuta, inashika. Sasa.

"Mpiga picha! Tupige!"

Wako kumi na mmoja. Wametokea wapi, usiulize. Mjusi ameondoka na umepata mkia. Mwenye gauni la njano amesimama tayari, mkono kiunoni. Yule mdogo kabisa amemshika mbuzi ili naye atokee. Utawapiga, maana huwezi kukataa, na ukishawaonyesha wanachoona kwenye kioo, ile kelele yao itawaita mama zao, na mama zao wataomba dakika moja wakabadili kanga. Utapanga watu kwa urefu. Utasema "sogeeni", utasema "mzee katikati", utasema "usifumbe macho", na kwa saa nzima utakuwa mpiga picha wa harusi kama ulivyotabiriwa asubuhi. Jioni ukihesabu: picha themanini, mkia mmoja.

Kisu nacho kitapata kazi bila kutafutiwa. Mtu atakiona. "Hicho kinakata?" Usiseme kinakata sana. Umeshasema. Kimeondoka kwenda kumenya mihogo. Kisha kimeitwa nyumba ya pili kufungua dumu la mafuta. Kisha, kwa kuwa wewe ni mgeni na umekaa mpaka saa hizi, kuna jogoo ameshashikwa. Hapa zingatia: usijitolee kuchinja, hata kama hicho kisu ni chako na ndoto yako yote ya porini ilikuwa hiyo. Atatafutwa Mwislamu achinje ili nyama iliwe na kila atakayepita mlangoni. Ndivyo ilivyo, na ni utaratibu mzuri. Wewe shika miguu ya jogoo na utazame kando. Utaona kwamba kisu chako, ambacho ulikitengenezea ala, kinafanya kazi vizuri sana mkononi mwa mtu mwenye kanzu asiyekistaajabia hata kidogo.

Ondoka kabla wale wadudu wadogo wa ziwani hawajapanda juu ya maji kama moshi na kukujaa mdomoni. Utasindikizwa mpaka barabarani. Njiani utatoa namba yako ya simu kwa watu saba, kwa sababu umeahidi kutuma picha. Ukiwa juu ya bodaboda, ukipita Buhongwa, mkono utagusa kiuno. Ala ipo. Ni nyepesi.

Usirudi. Giza limeingia, na hutaweza kumweleza mtu yeyote kwamba unakwenda kijijini usiku kufuata kisu.

Jumatatu simu zitaanza. Mama wa yule mwenye gauni la njano anauliza kama unaweza kumtolea mtoto picha ya pasipoti, ile ya nyuma buluu, kutoka kwenye hiyo hiyo ya mbuzi. Dalali anasema kuna mtu mwingine amekitaka kile kiwanja, uwahi na chochote. Mwenyekiti hapigi, anaandika ujumbe, herufi kubwa zote: JUMAMOSI IJAYO KUNA KIPAIMARA CHA MJUKUU NJOO NA KAMERA. KISU CHAKO KIPO TUMEKINOA.